Kulihudumia gari la michezo la zamani kwa mikono yako: mwongozo kamili

Ukifungua switchi ya gari la michezo la MGB, kabla hata hujapiga staata, unasikia pampu ya petroli kule nyuma ikigonga tak-tak-tak kwa haraka, kisha inapunguza mwendo, kisha inanyamaza. Ikinyamaza, ujue mabakuli ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) yamejaa na petroli haitoki popote. Ikiendelea kugonga bila kukoma, ama tangi ni tupu, ama pampu inavuta hewa, ama petroli inamwagika mahali usipopaona. Hapo unazima switchi papo hapo na kuinama kuchungulia chini ya gari kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Ndiyo sababu naamini kwamba mtu mwenye subira anaweza kulihudumia gari la aina hii nyumbani. Magari mengi ya michezo ya miaka ya 1950 hadi 1970 hayana kompyuta. Kila tatizo linasikika, linaonekana, linanusika au linapimika. Kinachowashinda watu si ugumu wa kazi bali kuvuruga mpangilio. Wanaparamia kabureta wakati pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili plagi zitoe moto) zimeungua. Wanabadilisha vitu vitatu siku moja, gari likipona hawajui ni kipi kilichoponya, likizidi kuharibika hawajui ni kipi kilichoharibu. Mpangilio ninaoufuata mimi ni huu: kwanza kinachoweza kuua mtu, kisha kinachoweza kuliunguza gari, kisha moto wa plagi, kisha valvu, na kabureta mwisho kabisa.

Mifano yangu mingi ni ya MGB, iliyotengenezwa Uingereza kuanzia 1962 hadi 1980, kwa kuwa ndiyo niliyoishika zaidi. Nitataja pia Datsun 240Z, Porsche 911 na Triumph pale zinapotofautiana. Gari lako likiwa jingine, kanuni ni zilezile ila vipimo utavichukua kwenye kitabu chake.

Kabla ya kushika spana

Tafuta kitabu cha mafundi cha gari lako, si kijitabu cha dereva. Ninamaanisha kile chenye vipimo vya kukaza bolti, mapengo ya valvu na mchoro wa nyaya. Hiki kinunue kabla ya kifaa chochote.

Kisha jua nati zako ni za kipimo gani. Magari ya Kijapani, Kijerumani na Kiitaliano ni ya milimita. Ya Kiingereza ya miaka ya 1960 ni ya inchi, na ya zamani zaidi yana nati za Whitworth ambazo hazikubaliani na spana nyingine yoyote. Spana ya milimita iliyokaribiana na nati ya inchi itaingia na kukudanganya kwamba imekaa, kisha itakula kona za nati na kazi ya dakika tano itakuwa ya siku nzima.

Vifaa vya kipimo ndivyo vinavyomtofautisha anayetengeneza na anayebahatisha: maltimita, fila geji (mabati membamba ya kupimia mapengo), taa ya taimingi (ya kuonyesha moto wa plagi unatoka wakati gani), geji ya kupimia kompresheni, yaani presha ndani ya silinda, na spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza). Ongeza daftari. Kila unachopima kiandike pamoja na tarehe na kilomita. Baadaye utaona kwa nini.

Kuhusu usalama sitazunguka. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde moja, hata kuokota bisibisi. Jeki ni ya kunyanyua, stendi ndizo za kushikilia. Weka stendi mbili chini ya sehemu imara za chesisi au ekseli, zuia magurudumu yaliyobaki chini, kisha lisukume gari kwa nguvu ukiwa nje. Kama litaanguka, lianguke wakati huo. Weka kizima-moto cha unga mahali unapoweza kukifikia bila kuruka gari. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: shuu na padi za breki pamoja na sahani za klachi za miaka ile zilikuwa na asbesto. Vumbi lake usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Lilowanishe kwa dawa ya kusafishia breki, lifute kwa kitambaa, na kitambaa ukitupe kikiwa ndani ya mfuko uliofungwa.

Gari lililolala muda mrefu

Umelipata gari ambalo halijawaka miaka minne. Hamu ya kusikia sauti yake ni kubwa, naielewa kabisa, lakini usipige staata.

Anza na petroli. Iliyomo kwenye tangi imeshaharibika; inusie, utakuta harufu kali ya rangi ya kupaka ukutani. Imwage yote. Kisha ifuate mipira ya petroli kuanzia tangi hadi kabureta, kipande kwa kipande, ukiikunja kwa vidole. Petroli nyingi ya leo imechanganywa na ethanoli, na ethanoli huila mipira ya zamani kwa ndani: kwa nje unauona mzima, ukiukunja unafunguka nyufa ndogo kama kisigino kilichokauka. Badilisha yote kwa mara moja, na uchague mpira ulioandikwa R9, ambao umetengenezwa kuvumilia ethanoli. Gari la kabureta mbili lina mipira mifupi inayopita juu ya bomba la moshi lenye joto kali, na tone moja hapo linatosha kulimaliza.

Sasa injini. Toa plagi zote, tia kijiko kimoja kidogo cha oili kwenye kila silinda, na uache usiku mzima. Kesho yake zungusha injini kwa mkono, kwa spana kwenye nati ya puli ya krenki. Ikigoma usiilazimishe, ongeza oili, ngoja tena. Ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kukwama, badilisha oili na filta, kisha piga staata plagi zikiwa bado nje hadi geji ya presha ya oili iinuke. Hapo ndipo unarudisha plagi na kujaribu kuwasha.

Breki

Magari mengi ya zamani, MGB za awali zikiwemo, yana saketi moja tu ya breki. Maana yake ni kwamba mpira mmoja ukipasuka kwenye gurudumu moja, magurudumu yote manne yanapoteza breki. Kwa hiyo breki naziweka mbele ya kila kitu kinachohusu mwendo.

Angalia kwanza mipira mifupi inayounganisha bomba la bodi na kalipa (kinachobana padi za breki). Mpira wa zamani huvimba kwa ndani. Mafuta yanapita unapokanyaga kwa sababu mguu una nguvu, lakini ukiachia hayarudi, na gurudumu linabaki limeshikwa. Dalili yake: baada ya safari fupi ringi moja ni ya moto kuliko nyingine, na gari linavuta upande huo. Watu wengi hufungua kalipa wakadhani pistoni imekwama. Fungua kidogo nipeli ya kalipa (skrubu ya kutolea mafuta na upepo): gurudumu likiachia mara moja, kosa liko kwenye mpira, likibaki limeshikwa, ndipo uiulize pistoni.

Kuhusu mafuta ya breki: DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni jamii moja na huchanganyika. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi nayo kamwe. Jamii ya kwanza hunyonya unyevu wa hewa. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinashuka hadi 155, na kwenye mteremko mrefu mafuta yanachemka, yanageuka mvuke, na pedali inazama hadi chini. Yabadilishe kila baada ya miaka 2 hata kama gari halijatembea. Na oili ya injini au mafuta yoyote ya madini yasiguse mfumo wa breki. Matone machache yanavimbisha mipira ya masta silinda na kuiharibu yote.

Kutoa upepo kunahitaji watu wawili:

1. Jaza tangi dogo la mafuta ya breki na uliangalie kila baada ya kukanyaga mara tano. Likikauka unaanza upya.
2. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, isipokuwa kitabu kikikuambia vinginevyo.
3. Vika mpira wa plastiki angavu kwenye nipeli, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo.
4. Mwenzako akanyage polepole na kushikilia. Fungua nipeli robo mzunguko, ona povu likitoka, funga, kisha ndipo aachie. Maneno mawili yanatosha kati yenu: "kanyaga" na "achia", na anayetamka ni aliye chini.
5. Rudia hadi mafuta yatoke safi bila povu, kisha hamia gurudumu linalofuata.

Nipeli ikigoma kufunguka usiivunje. Pasha joto kuizunguka, dondoshea mafuta ya kulegeza kutu, gonga kidogo, ngoja siku moja. Mafuta ya breki yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji mengi palepale, la sivyo yatabandua rangi.

Moto kwanza, kabureta baadaye

MGB niliyokuwa nayo ya 1971 ilikuwa inaunguruma vizuri kabisa ikiwa sailensa, yaani inazunguka taratibu bila kukanyagwa petroli. Nikikanyaga kidogo tu inamisi, inakatakata, kisha nikikanyaga hadi chini inashika tena. Nikahukumu kabureta. Nikabadilisha sindano, nikabadilisha gasketi, nikasafisha kila tundu. Miezi miwili ikaisha. Jioni moja nilitoa kofia ya distributa (kifaa kinachogawa moto kwa plagi) na kuisogeza sahani ya pointi kwa kidole, kama vile vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) inavyoisogeza. Kuna waya mfupi wa ethi (unaorudisha umeme kwenye bodi), umefunikwa kitambaa, hauzidi urefu wa kidole cha mwisho, unaounganisha sahani hiyo na mwili wa distributa. Ulikuwa umekatika ndani ya kitambaa chake. Injini ikiwa sailensa ncha zake mbili ziligusana. Nikikanyaga kidogo, vakyumu ilivuta sahani na ncha zikaachana. Kabureta zangu hazikuwa na kosa lolote hadi nilipozigusa.

Tangu hapo sifungui kabureta yoyote kabla sijaumaliza mfumo wa moto, hatua kwa hatua.

Toa kofia ya distributa na uitazame kwenye mwanga: ufa mwembamba kama unywele, au mstari mweusi kati ya vichwa viwili, unatosha kuitupa. Kiguse kile kikaa cha katikati. Kinatakiwa kuingia na kurudi kwa springi yake. Kagua rota. Kisha pointi:

1. Toa plagi ili injini izunguke kirahisi. Zungusha kwa spana hadi kisigino cha pointi kipande juu kabisa ya ncha ya kemu, pointi zikiwa zimeachana kwa upana wake wote.
2. Tazama nyuso zake. Kama upande mmoja una kilima na mwingine una shimo, weka mpya, na ubadilishe kondensa pia.
3. Ingiza fila geji. Kwa MGB yenye distributa ya Lucas 25D pengo ni milimita 0.35 hadi 0.40. Bati la geji lipite likigusa pande zote mbili bila kulazimishwa.
4. Kaza skrubu, kisha pima tena. Kukaza huwa kunasogeza pengo, na hapa ndipo wengi wanapokosea.
5. Paka grisi kiasi cha kichwa cha njiti kwenye kemu, na tone moja la oili chini ya rota. Ikizidi itarukia kwenye pointi na kuziunguza.

Taimingi inafuata pointi, haitangulii. Sababu yake ni rahisi: pengo likiongezeka, pointi zinafunguka mapema, na moto nao unawahi. Ukipanga taimingi kwanza kisha ukagusa pointi, umeshaivuruga. Chomoa mpira wa vakyumu na uuzibe, unganisha taa ya taimingi kwenye waya wa silinda ya kwanza, paka alama ya puli chokaa nyeupe ionekane. Zungusha mwili wa distributa kidogo kidogo hadi alama zikutane kwenye nyuzi zilizoandikwa kitabuni. Kisha ongeza mwendo wa injini: alama inatakiwa isogee polepole na kwa ulaini. Ikiruka ghafla au ikikwama, vyuma na springi zilizo chini ya sahani zimechoka au zimekauka. Mwisho vuta hewa kwa mdomo kwenye mpira wa vakyumu. Sahani isogee na ibaki pale ulimi wako ukiwa umeziba mpira. Ikirudi yenyewe, ngozi ya ndani imetoboka.

Kompresheni na valvu

Injini ikiwa na joto la kazi, toa plagi zote, katisha umeme wa koili, kanyaga pedali ya petroli hadi chini, na upime kila silinda kwa mizunguko ileile ya staata. Namba moja pekee haina maana sana. Tofauti ndiyo yenye habari. Silinda zikipishana zaidi ya asilimia 10 hadi 15, kuna tatizo. Tia kijiko kidogo cha oili kwenye silinda dhaifu na upime tena: ikipanda, ringi za pistoni zimechoka, isipopanda, valvu haifungi. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa dhaifu kwa pamoja, shuku gasketi ya silinda hedi kati yake.

Mapengo ya valvu hutofautiana mno kati ya gari na gari. MGB ni milimita 0.38 injini ikiwa baridi. Datsun 240Z ni 0.20 kwa valvu ya kuingiza na 0.25 kwa ya kutolea moshi ikiwa baridi. Porsche 911 ya kupozwa kwa hewa ni 0.10 tu, nayo lazima iwe baridi kabisa, ikiwezekana imelala usiku kucha. Alfa Romeo za kemshafti mbili hutumia vibati vidogo vya kuchaguliwa kwa unene badala ya skrubu; kazi hiyo inawezekana nyumbani lakini usiifanye iwe ya kwanza.

Kwa injini ya silinda nne yenye valvu nane mstari mmoja, kama ya MGB, kuna hesabu ya tisa. Zihesabu valvu kuanzia mbele, 1 hadi 8. Valvu ya 8 ikiwa imebonyezwa kabisa, rekebisha ya 1. Ya 6 ikibonyezwa, rekebisha ya 3. Daima jumla ni tisa. Legeza nati ya kufungia, zungusha skrubu hadi geji ipite kwa kukwaruza kidogo, kaza huku umeshikilia skrubu, pima tena. Valvu inayolia kidogo naipendelea kuliko iliyokazwa kupita kiasi, kwa sababu iliyokazwa haifungi vizuri, na isipofunga inaungua.

Hapa daftari lina kazi. Magari haya yalibuniwa kwa petroli yenye risasi, ambayo nchi ya mwisho kuiuza kwa ajili ya magari, Algeria, iliacha mwaka 2021. Risasi ilikuwa inakinga viti vya valvu za moshi. Bila hiyo, silinda hedi za chuma laini zinaweza kuliwa taratibu: valvu inazama, na pengo linapungua kila unapopima. Ukiona kwenye daftari valvu fulani inapunguza pengo huduma baada ya huduma, umepata onyo mapema. Wakati wa kufungua hedi ukifika, iwekewe viti vigumu, na tatizo hilo litakuwa limekwisha.

Kabureta za SU

Sasa ndiyo. SU ni aina ya kabureta iliyofungwa kwenye MGB nyingi. Injini iwe imepata joto kamili na chujio la hewa limetolewa.

Fungua dampa (fimbo yenye kifuniko inayozama kwenye oili) juu ya kila kabureta, inua pistoni kwa kidole na uiachie. Inatakiwa ishuke yenyewe na kugota kwa sauti kavu: tok. Ikishuka kwa kusitasita, fungua kuba na usafishe kwa dawa ya kabureta na kitambaa. Msasa haukaribii hapo. Kuba na pistoni vilitengenezwa vikaendana, na kila kuba libaki na pistoni yake. Jaza oili ya dampa, rudisha kifuniko, na usikie ukinzani unapokisukuma kushuka. Dampa kavu husababisha injini kusita unapokanyaga ghafla, na hilo huwapeleka watu kununua sindano wasizozihitaji.

Legeza vibano vya shafti inayounganisha kabureta mbili ili kila moja ijitegemee. Chukua mpira wa nusu mita, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, mahali palepale kwa zote mbili. Rekebisha skrubu za sailensa hadi mvumo wa hewa ulingane. Sikio likizoea halikosei sana.

Kisha mchanganyiko. Inua pistoni ya kabureta moja kiasi cha milimita moja hivi kwa pini iliyo chini yake. Mwendo ukipanda kidogo kisha ukatulia, mchanganyiko uko sawa. Ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi. Injini ikifa, petroli ni haba. Nati iliyo chini ya jeti (tundu linalotoa petroli) ndiyo inayorekebisha: kuipandisha kunapunguza petroli, kuishusha kunaongeza. Sogeza upande mmoja wa nati kwa wakati, yaani moja ya sita ya mzunguko, ngoja injini itulie, jaribu tena, hamia ya pili, rudi ya kwanza. Ukimaliza kaza vibano na uhakikishe koo zote mbili zinaanza kufunguka pamoja.

Thibitisha kwa plagi. Endesha kwa mwendo wa kawaida wa barabara kuu, zima injini bila kuiacha sailensa, toa plagi. Rangi ya kahawia nyepesi ni nzuri. Nyeusi ya masizi makavu ni petroli nyingi. Nyeusi yenye kung'aa kwa mafuta ni oili inayopita. Nyeupe kama chaki ni petroli haba au moto unaowahi, na hiyo isikuache uendelee na safari ndefu.

Oili, na nipeli inayosahauliwa

Oili za kisasa zimepunguziwa zinki na fosforasi ili kulinda kichujio cha kemikali cha moshi. Tapeti bapa (vyuma vinavyosukuma valvu) za injini za zamani zinaihitaji zinki hiyo, hivyo tafuta oili iliyotengenezwa kwa magari ya zamani, mara nyingi 20W-50. Kwenye giaboksi usimimine oili yoyote iliyoandikwa GL-5 (daraja la oili ya gia) kwa kudhani kwamba namba kubwa ni bora. Viungo vyake vinaweza kushambulia pete za shaba za gia. Giaboksi ya MGB yenyewe inatumia oili ya injini.

Kwenye Triumph Spitfire na GT6, kiungo cha chini cha mbele kinachozungukia gurudumu hutiwa oili nzito ya gia ya EP90 kupitia nipeli yake, si grisi. Grisi haifiki kwenye nyuzi za chini. Maji yanaingia, kutu inakula, na siku moja chuma kinakatika na gurudumu linalala chini ya bodi. Nimeona gari moja limelala hivyo wakati linageuzwa polepole uani. Kama lingekuwa barabarani, dereva asingesimulia.

Porsche 911 hupimwa oili injini ikiwa moto, inaunguruma, mahali tambarare. Ukiipima ikiwa baridi na imezimwa, kijiti kitakuonyesha upungufu usiokuwepo, utaongeza, na oili itaingia kwenye njia ya hewa.

Kupoza

Gari likichemsha, usiondoe themostati (valvu ya joto inayofungulia maji) ukidhani umelitibu. Idumbukize kwenye sufuria ya maji ya moto uone kama inafunguka. Angalia kifuniko cha rejeta, kwani mpira wake ukichoka presha haishiki na maji yanachemka mapema. Pitisha kiganja mbele ya rejeta injini ikiwa imezimwa lakini bado ina joto: sehemu iliyo baridi imeziba. Kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa moto. Tumia maji safi na kipozeo nusu kwa nusu, na ubadilishe kila miaka 2.

Umeme

Taa hafifu, viashirio vivivu, geji zinazocheza: tisa katika kumi ni ethi. Washa taa, weka ncha moja ya maltimita kwenye nguzo ya betri inayoingia kwenye bodi na nyingine kwenye mwili wa taa. Isome karibu na sifuri. Ikizidi volti 0.2, safisha ethi hadi chuma king'ae, kaza, paka grisi. Betri iliyopumzika na kujaa husoma 12.6, injini ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.4.

Kabla ya kuunganisha betri au chaja, hakikisha ni nguzo ipi inayoingia kwenye bodi. MGB za kabla ya mwisho wa 1967 ni chanya, kinyume cha magari ya leo. Nyingine zimeshageuzwa na wamiliki waliopita, kwa hiyo amini waya unaouona kuliko mwaka wa gari. Usishangae pia ukikuta betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, zimeunganishwa mfululizo.

Kutu na tairi

Kwenye gari lisilo na paa la chuma, boksi za chuma chini ya milango ndizo uti wa mgongo. Zikiliwa, gari linajikunja katikati na mlango unaanza kukwaruza. Zigonge kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima kinalia, puti (kijazio cha kuficha matundu) inanyamaza. Sumaku iliyofungwa kitambaa nayo haidanganyi. Zibua matundu ya kutolea maji chini ya milango na boksi hizo kila mwaka, kisha pulizia nta ya kukinga kutu ndani. Ukiamua kukata na kuchomelea, fungia kwanza vyuma vya kuunga kwenye uwazi wa mlango na ufanye upande mmoja kwa wakati. Bodi ikishapinda, hairudi. Kazi hii mimi nampa fundi wa kuchomelea, nami nabaki na ya kusafisha na kupaka.

Tairi za magari haya huzeeka kabla ya kuisha. Soma namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikivuka miaka 10 itoe, hata kama bado ina meno yote. Kwenye ringi za spoku, gonga kila spoku kwa kijiti: iliyo nzima inalia, iliyolegea inadunda.

Kuliweka bila kuliharibu

Kuwasha dakika tano kila wiki kunadhuru kuliko kuacha. Injini haifiki joto la kazi, maji yanabaki ndani ya oili na bomba la moshi. Ama liendeshe kilomita 20 hadi 30, ama lilaze sawasawa: oili mpya, tangi limejaa petroli yenye dawa ya kuihifadhi, tairi zimeongezwa upepo kidogo, betri imekatwa, handibreki imeachiwa na magurudumu yamezuiwa, turubai linalopitisha hewa juu yake. Ziba bomba la moshi kwa kitambaa ili panya wasiingie, na funga kadi kwenye usukani yenye orodha ya kila ulichoziba, ulichokata na ulicholegeza, ili atakayeliwasha, hata kama ni wewe mwenyewe miezi sita baadaye, aisome kabla ya kugusa switchi.